Dawa 'baada ya chakula', na kama chakula hakipo je?

Umewahi kusoma maandishi kwenye bahasha ya dawa ukabaki kucheka kichinichini? "Mbili, kutwa mara tatu, baada ya chakula." Nawe wajua fika kwamba leo ni strungi asubuhi, na jioni Mungu ndiye ajuaye. Daktari hakuuliza, nawe hukusema. Mkaagana.

Usidhani ni jambo dogo. Chukua ugonjwa wa kisukari. Mgonjwa akijidunga insulini, au akimeza baadhi ya tembe za ugonjwa huo, kisha akose mlo, sukari mwilini yaweza kushuka hadi azirai. Kwa hivyo siku ya msoto anaruka dozi. Akirudi kliniki sukari iko juu, anakaripiwa kwamba hafuati masharti, na pengine anaongezewa dawa. Kumbe kilichokosekana ni unga.

Tusiseme hili haliwezekani kutatuliwa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari wa mpango wa AMPATH mjini Eldoret, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana, walikutana na wagonjwa wa HIV waliopata ARV lakini nyumbani sufuria ni tupu. Dkt Joe Mamlin na wenzake wakaanza kuandika chakula jinsi wanavyoandika dawa. Mpango ukalima mashamba yake wenyewe, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likachangia. Chakula kilihesabiwa kwa familia nzima, maana hakuna mama atakayekula peke yake watoto wakimtazama.

Nchini Marekani, chama cha madaktari wa watoto kilipendekeza mwaka 2015 kwamba wazazi wanaofika kliniki waulizwe mambo mawili tu: je, katika miezi 12 iliyopita mlikuwa na hofu kwamba chakula kingeisha kabla ya kupata pesa za kununua kingine? Na je, kiliisha kweli mkakosa pesa? Ni hayo tu. Hayamalizi hata dakika mbili.

Utasema, "Lakini daktari wetu ana foleni hadi langoni, na hana ghala la mahindi." Kweli. Ila jibu lako hubadilisha matibabu hata bila gunia moja. Akijua unakula mara moja kwa siku, anaweza kuchagua dawa au kipimo kinachoendana na mlo huo. Badala ya kukuambia ule samaki na matunda usiyoweza kununua, atazungumzia omena, ndengu na managu. Anaweza pia kukutuma kwa mtaalamu wa lishe au afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali.

Isitoshe, mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wanaotembea nyumba hadi nyumba. Hao huona jiko lisilowashwa kabla daktari hajamwona mgonjwa. Habari hiyo ikifika kliniki, na kaunti ikitenga fedha za chakula cha wagonjwa kama inavyotenga za dawa, tutakuwa tumepiga hatua. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokaa na njaa. Si hisani.

Nawe uliye hosteli au unayefanya vibarua mtaani, ukiingia kwa daktari usione haya. Mwambie wazi: "Daktari, jana sikula, na leo sijui." Hiyo ni dalili kama homa, na inafaa kuandikwa kwenye faili. Akikuandikia "baada ya chakula", muulize nikikosa chakula nifanye nini. Usitoke kabla hajakujibu.