Mwacheni dada wa watu anywe waini yake nyekundu na chakula cha Kichina

Hivi wadau, ni lini tulianza kumchamba mtu kwa sababu ya rangi ya kinywaji chake?

Wikendi hii staa mmoja wa filamu, jina simtaji maana wengi mmeshamjua, alipandisha picha akiwa kwenye mgahawa wa Kichina hapa Dar. Mezani kuna bata wa kuchoma, mbavu za kitimoto, tambi, na mkononi glasi ya waini nyekundu. Gauni kali, tabasamu kali. Haikupita hata saa moja watu wakamshukia. "Mshamba huyo!" "Kichina kinaenda na nyeupe!" "Hela ipo, ustaarabu hakuna!" Kufika usiku picha imefutwa.

Iliniuma. Sio kwamba namjua, simjui kabisa. Iliniuma kwa sababu mwaka jana nilikaa meza moja na mtu aliyefanyiwa hivyohivyo, na mimi nikacheka pamoja na wengine.

Ni rafiki yangu wa siku nyingi, anauza vitambaa Kariakoo. Alikuwa anatimiza miaka 30, akajibana miezi mitatu ili atualike watu sita tukale Kichina. Akaagiza chupa ya nyekundu kwa sababu ndiyo anayoipenda, basi. Pale mezani kulikuwa na kaka mmoja aliyewahi kukaa Ulaya miaka miwili, na tangu arudi hatujapumzika kuisikia hiyo miaka miwili. Akamwita mhudumu kwa sauti: "Rudisha hii, tuletee nyeupe. Huyu dada hajui."

Meza nzima ikacheka. Mwenye bethdei naye akacheka, lile cheko la kuficha uso. Ikaja nyeupe, akainywa nusu glasi, akamalizia usiku wake na maji. Bili ilipokuja akailipa yeye mwenyewe. Yaani mtu kalipia kinywaji asichokitaka, kwenye siku yake, kwa hela yake!

Sasa tuongee ukweli wa kitu chenyewe, maana wengi mnaocheka hamjui mnachokichekea.

Hiyo kanuni ya "nyekundu na nyama, nyeupe na samaki" haikutoka hewani. Waini nyekundu hukaa na maganda ya zabibu wakati wa kutengenezwa, na huko ndiko inakopata rangi na tanini. Tanini ni nini? Kama umewahi kung'ata bibo la korosho ukasikia mdomo mzima umekauka, umeshakutana nayo. Nyama yenye mafuta inailainisha. Samaki hana hiyo nguvu. Tena mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye waini ndiyo yanayochangia ile shombo inayobaki mdomoni ukiinywa na vyakula vya baharini, na mara nyingi nyekundu ndiyo inayokuwa na chuma kingi zaidi. Kwa hiyo ukila samaki wa kuchemshwa kwa mvuke na tangawizi halafu ukashushia nyekundu nzito, ulimi wako wenyewe utakusemesha.

Lakini angalieni tena ile picha. Samaki yuko wapi? Bata ana mafuta, mbavu za kitimoto zina mafuta. Bata wa Peking na waini nyekundu nyepesi, kama ile ya zabibu za Pinot Noir, ni mapatano yanayopendekezwa dunia nzima. Yule dada alikuwa sahihi kuliko waliomcheka!

Halafu hebu fikirieni jinsi Kichina kinavyoliwa. Hukai na sahani yako kama mtu na daftari lake. Vyakula vinawekwa katikati, kila mtu anachota: nyama ya ng'ombe ya pilipili manga, kamba, mboga, tofu, wali wa kukaanga. Nyeupe gani hiyo itapatana na vyote kwa mpigo? Hakuna. Nyekundu pia hakuna. Unachagua unayoipenda na unaelekeza kijiko kule inakokaa vizuri.

Na Wachina wenyewe je? Kampuni ya Changyu ilianzishwa mjini Yantai mwaka 1892, na kufikia mwaka 2013 China ilikuwa imezipita Ufaransa na Italia kwa kunywa waini nyekundu, ingawa baadaye unywaji ulishuka. Kwao nyekundu ni rangi ya bahati. Ndiyo ya harusi, ndiyo ya bahasha za hela za sikukuu. Nyeupe kwa mila zao ni rangi ya msiba. Sasa wewe wa Sinza unamfundisha nani?

Kuna kosa moja la kweli ambalo wengi tunalifanya na halichekwi na mtu. Ni joto. Tumeambiwa nyekundu inyweke kwa "joto la chumba", tukasahau kwamba chumba kilichosemwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Chumba cha Dar kinagonga 30! Chupa imekaa kaunta tangu asubuhi, ukimiminiwa unasikia pombe tupu inapanda puani. Mwambie mhudumu aiweke kwenye ndoo ya barafu dakika 15 tu. Akikushangaa, mwache ashangae.

Na kama mezani kuna pilipili, hasa vyakula vya Sichuan, kaa mbali na nyekundu kali zenye kilevi cha asilimia 14 na kuendelea. Pilipili na pombe vikikutana vinachocheana, utatoa machozi ukadhani umeachwa. Hapo kinachofaa ni nyekundu nyepesi, au ile tamu. Ndiyo, ile tamu mnayoiita ya washamba. Sukari inatuliza pilipili. Zipo hata za zabibu za Dodoma, ambako wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka, na mwananchi anaona aibu kuiagiza mbele za watu!

Najua mtu atasema, "Sasa mtu asielekezwe? Tukae kimya tu?" Hapana. Elekezaneni. Nikiwa sijui kitu napenda kuambiwa. Lakini kumwelekeza mtu na kumwaibisha tunavijua tofauti yake. Anayekuelekeza anakuinamia sikioni: "Dada, hawa kamba watapotezwa na hiyo, anza na bata." Halafu anakuacha uamue. Anayekuaibisha anahitaji meza nzima isikie. Yule kaka wa Ulaya hakuwa anamsaidia mtu siku ile. Alikuwa anajitangaza kwa bethdei ya mwenzake.

Na sisi tuliocheka tulikuwa wabaya kuliko yeye. Yeye alikuwa mmoja. Sisi ndio tuliompa nguvu. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule staa pia: aliyeanza ni mmoja, waliobaki waliongeza emoji za kucheka tu, wakaendelea na maisha yao. Mtu kafuta picha ya siku yake nzuri.

Nilimpigia rafiki yangu juzi baada ya kuiona hiyo sekeseke. Nikamwomba radhi kwa ile siku. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Shoga, mimi tangu siku ile naagiza soda." Mwaka mzima! Mtu kaacha kitu anachokipenda kwa sababu ya kicheko cha dakika moja.

Nimemwambia mwisho wa mwezi twende tena, wawili tu, na bili ni yangu. Tutaagiza bata, tutaagiza chupa ya nyekundu, na ndoo ya barafu pembeni. Gari tutaliacha nyumbani, bajaji zipo. Na picha tutapiga.

Haya, tiririkeni hapo chini. Nani aliwahi kukufanya uone aibu kuagiza unachokipenda? Na uliyewahi kumcheka mwenzako, simu yake bado unayo?