Paka mwenye kisukari apimwe na mwenyewe, nyumbani

SAFU: NENO LA JUMAMOSI
Na Saumu Mwinyihija

Mwaka 2017 watafiti waliokuwa na Stijn Niessen wa Royal Veterinary College, London, walichapisha majibu ya madaktari wa mifugo zaidi ya 1,000 wa nchi mbalimbali. Waliwauliza mbwa na paka wangapi wenye kisukari huishia kuchomwa sindano ya kufa. Kwa makadirio ya madaktari hao, mmoja kati ya kumi huondolewa duniani pale pale anapogundulika, na mmoja mwingine humfuata kabla mwaka haujaisha, ama kwa sababu sukari imekataa kushuka, ama kwa sababu matibabu hayakufuatwa ipasavyo. Katika sababu walizozitaja kulikuwa na gharama, uzee, magonjwa mengine aliyokuwa nayo mnyama, ugumu wa kuidhibiti sukari, na jinsi matibabu yanavyovuruga maisha ya mwenye mnyama. Uzee hatuna la kuufanya. Ugumu wa kudhibiti na kuvurugika kwa maisha ni mambo mengine kabisa: hayo hutegemea sana namna mwenye paka anavyoelekezwa siku ile anapopewa habari. Ninachosema leo ni kwamba paka aliyegundulika juzi kuwa na kisukari hutibiwa na watu wa nyumba anayoishi, na kwamba watu hao, pamoja na chupa ya insulini, wanapaswa kukabidhiwa siku hiyo hiyo mashine ya kupimia sukari na kufundishwa kuitumia.

Haraka hii ina sababu zake. Kisukari cha paka kinafanana sana na kile cha watu wazima kinachoitwa cha aina ya pili. Kongosho bado linatoa insulini, ila haitoshi, na mwili umekuwa mgumu kuiitikia. Wanaokipata zaidi ni madume waliohasiwa, wa makamo na kuendelea, wanene, wanaoshinda ndani. Mwenye paka huona kwanza bakuli la maji linakauka mapema na mchanga wa chooni unalowa kuliko kawaida. Halafu mnyama anakula kama hajala jana, na bado uti wa mgongo unachomoza. Wengine hufikia kutembea kwa visigino vya miguu ya nyuma badala ya vidole, kwa kuwa neva zimeguswa. Sasa, sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, yenyewe huzilemaza zile seli za kongosho zilizobaki. Ikishushwa mapema, seli hizo huweza kupata nafuu, na hapo ndipo paka anapoachana na mbwa: wako paka wanaoacha kabisa kuhitaji sindano. Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichapisha mwaka 2009 matokeo ya paka 55 waliotibiwa majumbani kwa insulini aina ya glargine, wakapewa chakula chenye wanga kidogo, na wenyewe wakiwapima mara nyingi kwa siku. Walioanza utaratibu huo ndani ya miezi sita tangu wagundulike, asilimia 84 waliacha insulini. Waliochelewa zaidi ya hapo, asilimia 35.

Msomaji makini atasema paka 55 ni wachache, na watu waliokubali kazi ile ni watu wenye moyo wa pekee. Ni kweli. Sitegemei asilimia 84 ya paka wa Dar es Salaam au Mombasa waache sindano kwa sababu ya utafiti mmoja. Lakini hata ukizipunguza hesabu hizo kwa nusu, pengo kati ya waliowahi na waliochelewa halipuuziki, na linaendana na tunachokijua kuhusu jinsi sukari inavyoliharibu kongosho. Miezi ya mwanzo ina thamani ambayo miezi ya baadaye haina. Na ndiyo miezi ambayo wenye paka wengi huipoteza wakiogopa sindano, wakibadilisha kliniki, au wakisubiri tarehe ya kurudi kupima.

Hapa kwenye kurudi kupima nataka kukaa kidogo. Paka akiingizwa kwenye kikapu, akapandishwa bajaji, akapita kwenye honi na jua, kisha akafika kliniki akasikia mbwa wanabweka upande wa pili wa ukuta, sukari yake hupanda kwa woga tu. Hupanda hata kwa paka asiye na kisukari, na mara nyingine hupita milimoli 14 hadi 16 kwa lita, kiwango ambacho figo za paka huanza kumwaga sukari kwenye mkojo. Ndiyo maana daktari mzuri hatangazi kisukari kwa tone moja la damu. Huangalia mkojo, huangalia dalili, na akiweza huagiza kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha hali ya sukari kwa wiki moja au mbili zilizopita. Kipimo hicho ni kizuri kwa kuthibitisha ugonjwa. Hakiwezi kukuambia kama dozi ya asubuhi ya leo imezidi. La kukuambia hilo ni tone la damu la saa saba mchana, paka akiwa amelala kwenye mkeka wake. Kupandisha dozi kwa kutegemea namba za kliniki peke yake ni kuutibu woga wa paka kana kwamba ni kisukari chake.

Na kazi yenyewe si ya ajabu. Pembezoni mwa sikio la paka, upande wa nje, kuna mshipa mwembamba unaoonekana ukiliweka sikio mbele ya mwanga. Kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa hulipasha sikio dakika moja, damu ikasogea. Unaweka pamba nyuma ya sikio usijitoboe kidole, unatoboa kandokando ya mshipa, na tone dogo kama punje ya ufuta linatosha. Unabana kwa pamba mpaka damu ikome, kisha unampa kipande cha kuku wa kuchemsha bila chumvi. Baada ya siku chache paka wengi huvumilia wakijua kuna kuku. Nyumba nyingi za mjini tayari zina mashine hii kwa ajili ya baba au bibi, na tayari yupo mtu anayejua kuitumia. Yako mambo mawili tu ya kuzingatia: sindano ya kutobolea ya paka iwe yake peke yake, na daktari aambiwe mashine ni ya binadamu, kwa sababu mashine hizo kwa kawaida husoma chini kuliko sukari halisi ya paka. Tumia ile ile kila siku, andika namba na saa kwenye daftari. Mara kwa mara daktari atakuomba siku nzima ya vipimo, kila saa mbili kutoka sindano hadi sindano, ili aone sukari inashuka hadi wapi na inapanda lini. Hilo daftari lina thamani kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Chakula kina uzito karibu sawa na dawa. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Ini lake halikuandaliwa kupokea wanga mwingi kwa mkupuo. Sisi tunampa ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa, au wali uliobaki, na wenye uwezo wanampa vile vikavyo vya mfuko ambavyo vingi vimejaa nafaka. Kwa paka mwenye kisukari madaktari hupendekeza chakula laini cha kopo chenye protini nyingi na wanga mdogo, usiotoa zaidi ya asilimia 12 ya nishati. Kopo hizo ni ghali kwetu. Hata hivyo, kuondoa ugali hakugharimu kopo. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, samaki aliyepikwa, kuku, moyo wa kuku na ini kidogo vinapatikana sokoni. Nasema waliopikwa kwa makusudi, maana baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, na kumlisha dagaa peke yao miezi na miezi nako kuna madhara. Mchanganyiko upangwe na daktari. Onyo lililo zito zaidi ni hili: paka aliye kwenye insulini ukimwondolea wanga ghafla, sukari inaweza kushuka ndani ya siku chache, na dozi iliyomfaa wiki iliyopita ikawa sumu wiki hii. Chakula kikibadilishwa, daktari ajulishwe kabla, na upimaji uongezwe. Asiyepima asibadilishe.

Hoja nzito dhidi yangu inatoka kwa madaktari wenyewe, nami naiheshimu. Wanasema insulini mikononi mwa mtu asiye na taaluma huua, na mtu mwenye mashine hujiona daktari akaanza kujipangia dozi. Hatari ipo. Insulini nyingi za binadamu zina yuniti 100 katika mililita moja, na baadhi ya zile za wanyama zina yuniti 40. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba lililochorwa kwa ajili ya 40, ukahesabu yuniti moja, umemchoma mbili na nusu. Paka wengi huanzishiwa yuniti moja tu kila baada ya saa 12, kwa hiyo kosa la namna hiyo si dogo. Lakini tazama makosa haya yanatokea wapi: kwa mtu aliyepewa chupa na maelezo ya dakika tano. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.3 kwa lita, paka anaweza kulegea, kuyumba, kutetemeka na kupata degedege. Mwenye mashine anaweza kuiona ikishuka kabla ya degedege, asiye nayo huiona baadaye. Katika wale paka 55, sukari iliyoshuka bila dalili ilionekana mara nyingi, lakini tukio lenye dalili lilikuwa moja, tena jepesi. Sheria za nyumbani ni chache na hazina mjadala: dozi hupangwa na daktari, kiwango ambacho chini yake sindano haichomwi kiandikwe na daktari kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, asiyekula hachomwi mpaka daktari aulizwe, ukisahau kama umechoma, usichome tena. Dozi moja iliyorukwa madhara yake ni madogo, dozi iliyorudiwa inaweza kuua. Asali iwepo karibu, na akianza kuyumba apakwe kwenye fizi huku safari ya kliniki ikianza.

Wapo watakaouliza, kwa uchungu wa haki, inakuwaje paka apate insulini katika nchi ambazo mtoto wa mtu huikosa. Siwezi kulijibu swali hilo kwa kulipuuza. Katika nyumba ambayo insulini ya mtu haina uhakika, mtu anatangulia, na hakuna wa kumlaumu mwenye nyumba. Ila tuhesabu vizuri. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Paka anayechomwa moja asubuhi na moja jioni anatumia mbili kwa siku, wakati mtu mzima anaweza kuhitaji makumi. Chupa huharibika kwa muda kabla haijaisha. Mzigo hasa uko kwenye vipande vya kupimia, mabomba ya sindano na safari za kliniki, na upimaji wa nyumbani hupunguza safari hizo. Tena huyu si mnyama wa porini aliyeingia uani kwa bahati. Tumemhasi, tumemfungia ndani, tumemnenepesha kwa chakula tulichokichagua sisi. Wengi wa ukanda wa pwani wamesimuliwa tangu chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Aliyemnyima mnyama njia ya kujitafutia ameubeba wajibu wake, na wajibu huo haukomi anapougua. Ambaye kweli hana uwezo, sindano ya daktari isiyo na maumivu ni huruma kuliko kumwacha akonde hadi ketoni, tindikali zinazotokana na mwili kuvunja mafuta, zimjae kwenye damu. Lakini uamuzi huo uje baada ya kujaribu, au angalau baada ya kuelezwa kwa ukamilifu kuna nini cha kujaribu.

Kuhusu dawa za kumeza, nitasema machache. Marekani iliidhinisha bexagliflozin kwa paka Desemba 2022 na velagliflozin mwaka 2023. Zote huzifanya figo zitoe sukari kwenye mkojo. Zinasaidia, hasa kwa anayeogopa sindano. Lakini si za paka aliyewahi kutibiwa kwa insulini, na zinaweza kuleta ketoni hatari hata sukari ikisomeka vizuri. Kwa hiyo nazo zinadai jicho la nyumbani: anakula, ana nguvu, anatapika, mkojo una ketoni?

Kwa madaktari wa mifugo nina ombi moja. Mkimgundua paka ana kisukari, msimwachie mwenyewe aondoke kabla hajatoboa sikio kwa mkono wake na kuvuta yuniti moja ya maji kwenye bomba mbele yenu. Ni nusu saa ya kazi, na itozwe kama kazi nyingine yoyote. Na wewe uliyepewa habari hiyo wiki hii, usikubali kuamua kuhusu uhai wa paka wako siku ile ile. Omba ufundishwe kupima, nunua daftari, anza kesho asubuhi.