Kofia Ngumu na Haki ya Mpanda Baiskeli

Kila inapopatikana habari ya mpanda baiskeli kugongwa na motokaa mjini, swali linalotangulia midomoni mwa watu ni hili: je, alikuwa amevaa kofia ngumu? Ni wachache wanaouliza motokaa ile ilikuwa katika mwendo gani, na wachache zaidi wanaouliza barabara yenyewe ilimwachia mtu huyo nafasi gani ya kupita. Hivyo marehemu hushtakiwa kabla hajazikwa. Sisi twaona kwamba desturi hii haina haki, na kwamba sheria zilizotungwa katika nchi kadhaa juu ya msingi wa swali hilo zastahili kutazamwa na kila mfanyakazi anayekwenda kazini kwa nguvu ya miguu yake.

Hatusemi kwamba kofia ngumu haifai. Ni chombo chema. Ndani yake mna povu gumu, nene kiasi cha upana wa kidole gumba, na kazi ya povu hilo ni kubonyea mara moja ili fuvu la mtu lisivunjike. Ateleziaye mchangani, au anayeangushwa na shimo akatanguliza kichwa, hupata faida kubwa kwa kuivaa. Lakini kila chombo kina kipimo chake. Katika majaribio ya Ulaya kofia ya baiskeli huangushwa kutoka kimo cha kama mita moja na nusu, nayo hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Motokaa iendayo kilomita 60 ina mwendo mara tatu ya huo, na pigo lake, hata kama uzito ungekuwa uleule, si mara tatu bali mara tisa. Tena uzito si uleule. Wala kofia haikingi kifua, kiuno wala miguu.

Jimbo la Victoria huko Australia ndilo lililokuwa la kwanza duniani kuwalazimisha wapanda baiskeli wote kuvaa kofia hizo, tangu tarehe 1 Julai, 1990. Majimbo mengine ya nchi hiyo yalifuata haraka, na New Zealand nayo ikatunga sheria kama hiyo mwaka 1994. Kwa upande mmoja sheria ilitimiza shabaha yake: katika Victoria waliovaa kofia walikuwa 31 katika kila mia kabla ya sheria, na mwaka mmoja baadaye walifika 75. Majeraha ya kichwa yalipungua. Lakini wahesabuji waliosimama mahali palepale katika mji wa Melbourne waliona pia kwamba wapanda baiskeli wenyewe walikuwa wamepungua kwa zaidi ya theluthi moja, na hasa vijana. Wataalamu hawajaacha kubishana hata leo juu ya sababu. Hata hivyo, mtu hahitaji shahada ili kutambua kwamba ajali zitapungua barabarani ikiwa wasafiri wenyewe wameondoka. Mwaka 2010 mji huohuo ulianzisha baiskeli za kukodi kwa wananchi wote. Kofia ziliuzwa kwa bei nafuu, kisha zikatundikwa juu ya baiskeli zenyewe, na bado watu hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Mwaka 2019 mpango ukafungwa. Wakuu wa Mexico City walikuwa na akili zaidi: walipoanzisha baiskeli zao za kukodi mwaka 2010, waliifuta sheria ya kofia mwaka huohuo.

Jambo linalotugusa zaidi ni hili: ni nani anayelipa faini? Katika jimbo la New South Wales, faini ya kutovaa kofia ilipandishwa mwezi Machi, 2016, kutoka dola 71 hadi dola 319 za Australia kwa mara moja. Kwa tajiri anayeendesha baiskeli Jumapili kwa kunyoosha viungo, fedha hizo ni usumbufu tu. Kwa kibarua asiye na chombo kingine ni chakula cha nyumba. Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka Seattle, Marekani. Mji huo ulikuwa na sheria ya kofia tangu mwaka 2003. Ilipochunguzwa orodha ya waliotozwa faini katika miaka ya karibuni, ilionekana kwamba karibu nusu yao walikuwa watu wasio na makazi, watu walalao nje. Na watu weusi walikamatwa kwa kadiri ya mara nne kuliko weupe. Kwa askari, kichwa kitupu kilikuwa kimekuwa sababu rahisi ya kumsimamisha mtu ambaye alitaka kumsimamisha kwa sababu nyingine. Mwezi Februari, 2022, Bodi ya Afya ya eneo hilo iliifuta sheria, huku ikiendelea kuwashauri watu kuvaa kofia. Wasomaji wetu wazee, wanaokumbuka siku za kukamatwa kwa sababu ya taa au kengele ya baiskeli, hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Watu watasema: basi, mbadala ni nini, tuwaache wafe? La. Hebu tutazame Uholanzi. Mwaka 1971 watu kama 3,300 walikufa katika barabara za nchi hiyo ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake barabarani, aliandika makala yenye kichwa cha kudai kwamba mauaji ya watoto yakome. Wazazi wakaungana kwa jina hilohilo. Walifunga mitaa, wakawapeleka watoto na baiskeli zao mpaka mbele ya Serikali. Hawakuomba kofia. Waliomba motokaa zipunguziwe mwendo na baiskeli zipewe njia. Mwishoni mwa mwaka 1973 mafuta yakaadimika, Serikali ikapiga marufuku motokaa siku za Jumapili, na Waholanzi wakaiona miji yao kwa macho mapya. Tangu hapo zilijengwa njia zilizotengwa kwa ukingo, na mitaa ya makazi ikawekewa mwendo wa kilomita 30. Leo zaidi ya robo ya safari zote za nchi ile hufanywa kwa baiskeli, na wengi wapandao ni vichwa vitupu. Waliokufa barabarani mwaka 2023 hawakufika 700, ingawa motokaa zimeongezeka sana tangu 1971.

Haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Wengi kati ya Waholanzi wafao juu ya baiskeli siku hizi ni wazee, na baiskeli za umeme zimewaongezea mwendo ambao mifupa yao haiuwezi. Madaktari wa huko wanawahimiza wavae kofia, na Serikali inawaunga mkono. Lakini wanahimiza, hawatozi.

Ipo hoja nyingine, ya watu wanaouliza kwa nini mwendesha pikipiki alazimishwe na mpanda baiskeli aachwe. Pikipiki ina injini, nayo hukimbia sawa na motokaa. Kofia yake ni nzito na imetengenezwa kwa mapigo ya namna hiyo. Mpanda baiskeli mjini huenda kilomita 15 kwa saa, jasho likimtoka, aghalabu na mzigo nyuma. Mtu mzima wa namna hiyo anajua kupima hatari ya kichwa chake mwenyewe. Asichoweza kuchagua ni upana wa barabara, wala mwendo wa lori lililo nyuma yake. Hayo huchaguliwa ofisini, na watu ambao wengi wao hawajapanda baiskeli tangu walipokuwa shuleni.

Kwa hiyo sisi twasema kofia ibaki hiari ya mwenye kichwa, na faini ya kwanza imwendee dereva apitaye mbio mitaani. Mahali pamoja tu hatukubali neno hiari, napo ni kazini. Mwajiri anayemtuma tarishi, mlinzi au mpeleka bidhaa kwa baiskeli ampe kofia bila kumkata mshahara, pamoja na taa na breki zinazoshika. Na kofia hiyo ikishapata pigo moja, anunue nyingine.