Behewa Linaloacha Reli

Juma hili twaacha masufuria na cherehani, tuingie katika kazi ambayo kwa mtazamo wa kwanza yafanana na mchezo wa watoto: kutengeneza mabehewa madogo ya mizigo ya reli za kuigiza. Huko Marekani hii ni kazi ya watu wazima. Wana chama chao cha taifa kilichoundwa mwaka 1935 katika mji wa Milwaukee, na chama hicho ndicho kilichoweka vipimo vya magurudumu na reli, hata behewa lililotoka kiwanda hiki likaweza kufuatana na lililotoka kiwanda kile.

Lakini mzee mwenye reli hiyo akifariki, huacha masanduku. Mwanawe hufungua moja, atoe behewa ambalo baba yake alilipaka rangi kwa mkono wake, aliweke relini. Kwenye kona ya kwanza laanguka. Aliweke tena, laanguka tena. Basi huona kuwa ni takataka, na kazi ya miaka mingi huuzwa kwa bei ya karanga. Hilo ndilo ningependa lisitokee, kwa maana behewa linaloacha reli si bovu. Aghalabu lina maradhi mamoja au mawili kati ya matatu: uzito, magurudumu, au viungo. Yote hutibika mezani kwa bisibisi ndogo na mizani ya jikoni.

Kipimo kinachopendwa zaidi ni kile cha moja kwa 87. Behewa la Kimarekani lenye urefu wa futi 40, yaani mita 12 na kitu, huwa na urefu wa sentimita 14 tu, na reli zake huachana kwa milimita 16.5. (Mwenye kutaka kuigiza reli yetu ya zamani ya mita moja, ile iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901, hutumia kwa kipimo hicho hicho njia ya milimita 12.)

Tuanze na uzito. Behewa la plastiki likitoka kiwandani huwa jepesi mno. Likiwa peke yake hutembea vizuri, bali likiwekwa katikati ya treni ndefu, injini ikivuta mbele na mabehewa mazito yakikokotwa nyuma, hapo kwenye kona huvutwa upande wa ndani kama kamba inayokazwa, likapinduka. Reli za kweli nazo huogopa jambo hili, ndiyo maana behewa tupu halipangwi ovyo mbele ya mzigo mzito. Kanuni ya chama ni hii: gramu 28 za kuanzia, kisha gramu 14 kwa kila sentimita mbili na nusu za urefu. Kwa behewa letu la sentimita 14 jumla yake ni kama gramu 106. Lipime pamoja na magurudumu yake, uone limepungukiwa na kiasi gani, ujazie.

Wengi hujazia kwa risasi, nasema madini yenyewe, si zile za bunduki. Ni nzito na hukatika kirahisi, lakini ni sumu. Katika nyumba yenye watoto mimi singeiruhusu. Nati za chuma zatosha, isipokuwa kama reli yako ina sumaku chini yake za kufungulia viungo, ambazo huweza kulivuta behewa lenye chuma likasogea lenyewe. Hapo tumia nati za shaba. Zibandike kwa gundi sakafuni, chini kabisa, uzito ukigawanyika sawa mbele na nyuma. Wala usizidishe, maana kila gramu ya ziada ni mzigo kwa injini inapopanda mlima.

Sasa ligeuze behewa miguu juu. Chini yake kuna vigari viwili, kila kimoja na magurudumu manne. Zungusha gurudumu kwa kidole: likisimama upesi, kuna uchafu, au ncha ya mhimili haikukaa vema katika tundu lake. Magurudumu ya zamani ya plastiki hukusanya utando mweusi ambao huenea katika reli nzima. Yang'oe, utie ya chuma yenye mhimili uliochongoka kama sindano kila upande. Badiliko hili moja lafaa kuliko yote, nalo huchukua dakika tano. Usitie mafuta, mafuta huita vumbi. Kisha hakikisha kwa kile kibati cha vipimo cha chama kuwa magurudumu mawili ya mhimili mmoja hayakukaribiana mno wala kuachana mno, kwa sababu gurudumu lililosogea kidogo tu hupanda juu ya reli kila linapofika kwenye njia panda.

Halafu kuna siri ya skrubu, ambayo wanaoanza hawaambiwi. Kaza skrubu ya kigari kimoja mpaka kisiyumbe kulia na kushoto, ila kiweze kugeuka. Ya pili ilegeze kidogo, kigari chake kiyumbe kitakavyo. Hapo behewa husimama kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakitikisiki hata sakafu ikiwa na mabonde. Ukizikaza zote mbili, reli ikiinama upande mmoja gurudumu moja litaning'inia hewani.

Viungo ndivyo vyenye habari ndefu. Katika reli za Marekani za karne ya 19, mabehewa yaliunganishwa kwa pete na pini ya chuma, na mfanyakazi alilazimika kusimama katikati ya mabehewa mawili yanayokaribiana ili aitumbukize ile pini kwa mkono. Wengi walipoteza vidole, na wengine maisha. Eli Janney, aliyekuwa ofisa katika jeshi la majimbo ya Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alibuni kiungo kinachofanana na kiganja kilichokunja vidole, ambacho hushikana chenyewe na mwenzake. Husimuliwa kwamba alichonga mfano wake wa kwanza kwa kisu, katika mti. Alipata hati yake mwaka 1873, lakini makampuni yakasitasita kwa ajili ya gharama, hata sheria ya mwaka 1893 ilipoyalazimisha kutumia viungo vinavyoshikana vyenyewe.

Mabehewa madogo ya tangu miaka ya 1950 mengi hayakuwa na kiganja hicho. Yalitiwa ndoana ya plastiki yenye pembe, rahisi na isiyopendeza, nayo mara nyingi ilifungwa kwenye kigari chenyewe. Hapa ndipo penye ugonjwa: treni ikirudi nyuma, ndoana husukuma kigari kwa mshazari, kikatoka relini. Dawa ni kuikata ndoana hiyo, kisha kufunga kijisanduku cha kiungo kipya kwa skrubu kwenye sakafu ya behewa, ili nguvu ipite katika mwili wala si katika magurudumu. Ndugu wawili, Keith na Dale Edwards, walitengeneza kiganja kidogo cha chuma kinachofunguka kwa sumaku. Jina la kampuni yao, Kadee, latokana na herufi za kwanza za majina yao. Angalia kimo: kiungo kikiwa chini kuliko mwenzake hutengana juu ya mwinuko, na ule waya wake unaoning'inia ukigusa reli utakwama njia panda. Kama ni chini mno, weka washa nyembamba kati ya kigari na sakafu.

Rangi na urembo vije mwisho. Jambo moja tu: tangu mwaka 1966 mabehewa mapya ya Marekani yaliyoezekwa hayakuwekewa tena njia ya kutembelea juu ya paa, na ya zamani yakaondolewa zao pole pole. Anayeigiza miaka ya 1980 na aibandue kwa wembe, azibe matundu, apige msasa.

Ukimaliza, andika kwa penseli chini ya sakafu uzito wa behewa na tarehe ya matengenezo, ili atakayelifungua baada yako ajue lilichofanyiwa.