Mgonjwa wa mgongo haonekani tena: nani amfuatilie?

Msimu wa kuchuma tumbaku ukifika hapa Sikonge, wanaolalamika mgongo huwa wengi. Mtu anainama shambani tangu asubuhi, anabeba majani hadi kwenye bani, na usiku anachochea moto. Akipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia huambiwa arudi mara kadhaa. Anarudi mara moja, pengine mbili. Maumivu yakipungua, haonekani tena.

Lawama za haraka humwangukia yeye: mzembe, hana elimu. Hatukubaliani nazo. Anayetoka Kitunda, mbali kusini mwa wilaya, anapiga hesabu ya nauli, chakula na siku nzima ya kazi iliyopotea, tena wakati majani yanaiva shambani. Na mara nyingi hajaambiwa safari zitakuwa ngapi.

Tanzania imewahi kulishughulikia tatizo hili kwa ugonjwa mbaya zaidi. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977. Matibabu ya kifua kikuu wakati huo yalichukua mwaka mmoja au zaidi, na mgonjwa aliyepata nafuu baada ya wiki chache aliacha dawa. Waliitwa watoro, kama wanafunzi. Daktari Karel Styblo, akishirikiana na wataalamu wa Tanzania, hakuishia kuwahubiria. Miaka ya 1980 matibabu yalifupishwa hadi miezi minane, na kila mgonjwa akaandikwa kwenye daftari hadi mwisho wake ujulikane: amepona, amefariki, amehamia kituo kingine au amepotea. Waliopotea wakawa tarakimu ambayo kituo kilipaswa kuitolea maelezo. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiueneza utaratibu huo duniani. Baadaye hapa nchini mgonjwa akaruhusiwa kuchagua kusimamiwa dawa nyumbani na ndugu yake, badala ya kwenda kituoni kila siku.

Chumba cha fiziotherapia kinaweza kuanza na daftari la namna hiyo: namba ya simu, tarehe ya kurudi, na matokeo. Bila daftari, aliyepona na aliyekata tamaa wanafanana, kwa sababu wote hawapo. Siku ya kwanza mgonjwa aambiwe idadi ya safari na gharama yake yote. Afundishwe mazoezi mbele ya mke, mume au mtoto atakayemkumbusha nyumbani, ili safari tano ziwe mbili. Na tarehe ipangwe siku ya gulio, anapokuja mjini kwa shughuli nyingine.

Lakini kumrudisha mgonjwa si kumng'ang'ania. Maumivu mengi ya kawaida ya mgongo hupungua ndani ya wiki chache. Kliniki inayomwita mtu kila wiki bila kumwambia mwisho ni lini inatafuta pesa yake. Mgonjwa wa kifua kikuu hufika siku akaambiwa amemaliza. Wa mgongo naye anastahili kuambiwa hivyo.

Wapo pia ambao kutorudi kwao ni hatari. Kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, yakiambatana na homa, jasho la usiku au kukonda, hayatibiwi kwa kukandwa. Kadhalika miguu ikifa ganzi au kuishiwa nguvu, au haja ikishindwa kuzuilika, mtu huyo awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Aliyetoweka akiwa na dalili za mwanzo anahitaji kupigiwa simu, na simu hiyo haipigwi kama namba haikuandikwa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na mazungumzo mengi tangu hapo yamekuwa juu ya nani atapata kadi. Kadi itamwingiza mgonjwa wa Kitunda hospitalini siku ya kwanza. Nauli ya safari ya tatu bado ataitoa mfukoni mwake.