Sekunde Sita na Adhabu Iliyolala

Wapo wanaoamini kwamba sheria isiyotumika haimdhuru mtu. Iacheni ilale kitabuni, husema. Siku tukiihitaji tutaiamsha. Hoja hii naisikia mno hapa Mwanza, na naiona kuwa ya hatari. Ushahidi wangu wa kwanza nautoa uwanjani.

Tangu mwaka 2000, sheria za soka zilimkataza kipa kukaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde sita. Akizidisha, wapinzani walistahili adhabu ndogo isiyo ya moja kwa moja ndani ya eneo la hatari, ile ambayo bao halikubaliwi mpaka mpira umguse mchezaji wa pili. Ni wangapi kati yenu, mliokaa majukwaani CCM Kirumba kuwatazama Toto Africans au Pamba, mliowahi kuiona ikitolewa? Makipa waliukumbatia mpira kama mtoto mchanga, na refa akawapungia mkono waharakishe, basi.

Kisha ikaja Agosti 6, 2012, Old Trafford, nusu fainali ya soka la wanawake katika Olimpiki ya London. Kanada ilikuwa ikiongoza dhidi ya Marekani kwa mabao 3-2 mwamuzi Christina Pedersen wa Norwei alipompulizia filimbi kipa Erin McLeod. Pigo likagonga mkono wa Mkanada, ikawa penalti, ikawa 3-3, na Marekani ikashinda 4-3 katika dakika za nyongeza. Je, McLeod alivunja sheria? Alivunja. Lakini makipa wa dunia nzima walikuwa wakiivunja kila wiki bila kuulizwa, na yeye akaulizwa katika nusu fainali.

Watetezi wa sheria zilizolala wanaweza kunitajia futiboli ya Kimarekani. Huko, mchezaji akidaka mpira uliopigwa juu na wapinzani, baada ya kutoa ishara kwamba hatakimbia nao, timu yake ina haki ya kuupiga kuelekea milingotini huku wapinzani wakiwa mbali yadi kumi. Katika NFL, tangu 1976 hakuna aliyepata pointi kwa pigo hilo, hadi Desemba 19, 2024, Cameron Dicker wa Los Angeles Chargers alipolipiga kutoka yadi 57 na kupata tatu. Mfano mzuri, ila hauwasaidii. Ile ilikuwa haki, na haki iliyolala huamshwa na mwenyewe. Adhabu iliyolala huamshwa na mwenye filimbi, kwa wakati wake na kwa mtu amtakaye.

Kutoka uwanja wa Kirumba hadi Mwaloni ni mwendo mfupi. Tunayo Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake: kokoro marufuku, timba marufuku, sangara wa chini ya sentimita 50 marufuku. Kwa miaka mingi vyote hivyo vilionekana mchana kweupe ziwani. Ikaja Operesheni Sangara ya 2018, na nyavu zikachomwa moto. Sitetei timba hata kidogo; sangara akivuliwa kabla ya kuzaa, wajukuu wetu watamwona pichani. Ninachokipinga ni dola kunyamaza miaka, kisha kumfilisi mvuvi kwa asubuhi moja, huku aliyemuuzia wavu dukani akiendelea kunywa chai. (Naye ana leseni ya biashara, bila shaka.)

IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, iliona aibu hii. Ilikiri kwamba waamuzi walikuwa wakiikwepa adhabu ile, na mwaka 2025 ikaibadili: sekunde nane, adhabu yake kona, na refa huinua mkono akihesabu kwa vidole sekunde tano za mwisho ili kipa na uwanja mzima waone. Adhabu imepungua uzito, lakini sasa inatolewa.

Wizara na halmashauri zetu, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe, zinashindwa nini? BMU zipo kisheria katika mialo. Ubao wa sentimita 50 hauhitaji mfadhili. Wekeni faini ndogo, ya siku hiyo hiyo, yenye stakabadhi, kwa kila boti bila kujali ni ya nani, na mwanzie kwenye maduka ya nyavu.