TAHARIRI: HAKI IFAHAMIKE KWA LUGHA YA MWENYE HAKI



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yatokapo, swali moja husikika katika nyumba zetu, kuanzia Mang'ula na Ifakara mjini hadi Mlimba na ng'ambo ya mto huko Lupiro: mtoto amefaulu, sasa asome nini? Kijana akitaja udaktari au uhasibu, wazazi hufurahi. Akisema kwamba anataka kusoma jamii za Afrika Mashariki, lugha zao na haki za binadamu, watu hunyamaza. Hatimaye mjomba huuliza: "Ukimaliza hayo, mwanangu, utakula nini?"

Swali la mjomba si la kubezwa. Ada hutoka katika magunia ya mpunga, na mpunga hutoka katika jasho. Lakini liko swali la pili ambalo hatuliulizi: bonde letu litakaaje kwa amani likikosa watu waliosoma mambo hayo?

Tutazame hali yetu wenyewe. Bonde la Kilombero ni makao ya Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wahehe, nao Wasukuma, Wabarabaig na Wamaasai wamehamia na mifugo yao. Mwaka 2002 ardhi oevu ya bonde hili iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, yaani ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Wakulima wengi waliona nafuu. Wafugaji wengi walilia kwamba wamepoteza mali na makao.

Nani alikuwa na haki? Katiba ya nchi yetu, ambayo ilitiwa Hati ya Haki mwaka 1984, ina neno kwa kila upande. Mfugaji ataonyesha ibara ya 17, inayompa raia uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini. Mkulima ataonyesha ibara ya 24, inayolinda mali ya mtu. Ofisa wa serikali ataonyesha ibara ya 27, inayomtaka kila mtu alinde maliasili ya nchi. Wote watatu wameshika Katiba moja. Kuzipima haki zinazogongana namna hiyo ni kazi ya elimu. Asiyeijua historia ya bonde wala maisha ya wafugaji atapima kwa chuki, au atapima kwa kuangalia nani ana sauti kubwa zaidi.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba kuisoma nchi na lugha zake ni jambo jema kwa lenyewe. Mwaka 1887 Wajerumani walifungua huko Berlin chuo cha lugha za mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo kwa watu waliokuja kututawala. Ujuzi wa lugha haukuwazuia watawala hao kuzima Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, kwa moto na njaa, na bonde hili lilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia. Mwaka 1935 ofisa wa Kiingereza, A. T. Culwick, pamoja na mkewe walichapisha kitabu kizima juu ya Wabena wa Kilombero, Ubena of the Rivers. Hakika kimehifadhi mengi, lakini aliyekiandika ndiye aliyekuwa akitawala. Mwaka 1976 Lorne Larson aliandika tasnifu ya historia ya Mahenge katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1991 Jamie Monson akaandika yake juu ya kilimo cha bonde letu huko Marekani. Kazi hizi zote ziko kwa Kiingereza. Mzee aliyeeleza habari za mababu zake hawezi kuzisoma.

Ndiyo maana tunasema kwamba mambo haya matatu, yaani nchi, lugha na haki, yasitenganishwe. Anayeijua nchi bila kuheshimu haki huwa mtawala. Naye anayezijua haki bila lugha ya watu huhubiri jangwani.

Serikali imekwisha kupiga hatua. Kwa muda mrefu hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliweza kushindwa kesi ya shamba lake bila kuelewa sababu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Tunashukuru. Lakini Kiswahili cha karatasi bado ni kigumu kwa wengi. Bibi aliyekulia Kindamba, au mama wa Kibarabaig aliyezoea kusema Kitaturu, anapoambiwa aweke dole gumba kwenye karatasi ya "matumizi bora ya ardhi", je, amekubali, au ametii tu?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Atasuluhishaje mtu asiyeelewa kilio cha upande mmoja? Hapo ndipo tunapomhitaji kijana wetu aliyesoma. Ifakara tuna chuo kikuu kishiriki cha afya, nacho ni baraka kubwa. Lakini kama vile mwili unavyohitaji tabibu, ujirani nao unahitaji wake.

Wazazi, msimkatishe tamaa mtoto mwenye wito huo. Wanafunzi, kumbukeni mfano aliopenda kuutoa Mwalimu Nyerere: msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula zaidi, asiporudi, amekisaliti kijiji. Rudini na tasnifu zenu, na mzisome kwa Kiswahili mbele ya watu waliowapa habari. Nanyi wakuu wa vyuo, wapeni vijana nafasi ya kujifunza lugha za jirani zao, si za mataifa ya mbali tu.

Siku ya Pentekoste watu wa mataifa mengi walisikia habari njema, kila mmoja kwa lugha yake. Hakuna aliyelazimishwa kwanza aache lugha ya mama yake. Haki nayo imfikie kila mtu vivyo hivyo.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:

1. Katika kijiji chetu, ni nani asiyeelewa lugha ya mikutano, na nani humsaidia?

2. Je, tunawajua wajumbe wa baraza letu la ardhi? Wanawake watatu wamo?

3. Tuna kijana gani chuoni tunayeweza kumwomba atufundishe ibara za Katiba wakati wa likizo?